Mama ananawa hadi mikono inapasuka: nitaachaje kumjibu bila kumvunjia heshima?

Binti wa Mwaloni

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wengine wote. Ninaishi Kirumba, hapa Mwanza, pamoja na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 61 na watoto wangu wawili, mmoja wa miaka 13 na mwingine wa miaka 9. Riziki yetu inatokana na dagaa. Ninanunua kwa jumla katika soko la Mwaloni, ninachambua, ninapakia magunia na kuwauzia wafanyabiashara wanaosafirisha kwenda Burundi na Kongo. Ninalitaja hilo mapema kwa sababu kile kinachotulisha ndicho mama anachokiogopa kuliko kitu chochote.

Tangu nikiwa mdogo mama alijulikana mtaani kwa usafi. Majirani walimwita Mama Safi, jina ambalo sisi watoto tulijivunia bila kujua linaficha nini. Baba alipofariki mwaka 2018 mambo yalianza kuzidi, na ndoo za kunawia zilipowekwa katika kila mlango mwaka 2020, aliona kama dunia nzima hatimaye imekubaliana naye. Ndoo za wengine ziliondolewa baadaye. Ya kwetu ilibaki, na leo ziko tatu: ya mlangoni, ya uani na ya jikoni, na kila moja ina kata yake isiyoruhusiwa kugusana na nyingine.

Kwa mama, chochote kilichotoka ziwani kina kichocho au kipindupindu. Nirudipo kutoka sokoni siruhusiwi kupita mlango wa mbele. Ninazunguka uani, ninavua nguo nyuma ya kanga iliyotandazwa kwenye kamba, ninaoga, ninavaa nguo alizoniandalia, kisha ninasimama kizingitini kujibu maswali. Nimenawa hadi kwenye kiwiko? Nina uhakika? Sikugusa pochi baada ya kunawa? Jibu lazima liwe "Nimenawa vizuri mama, hakuna kitu," kwa maneno hayo hayo. Nikilitamka kwa uchovu, kwake linakuwa halikutimia, na tunaanza upya. Siku za mgao wa maji nimenunua hadi madumu kumi na manne kwa siku moja. Sabuni ya mche mmoja haifiki siku nne. Dada wa kazi watatu wameondoka, na wa mwisho aliniambia kwa upole kwamba mshahara ulikuwa mzuri ila alianza kuota ndoo usiku.

Ibada nayo imekuwa mzigo. Huanza kuchukua udhu adhana ya Alasiri inapotoka, na mara nyingi anamaliza Magharibi ikikaribia, huku analia kwa kuwa sala imempita. Viganja vyake vimebabuka na kupasuka hadi vinatoa damu.

Nimekuwa nikijibu kila swali na kununua kila dumu kwa sababu ni mama yangu, na kwa sababu nikijibu hutulia. Lakini kutulia kwenyewe, ambako zamani kulidumu hadi asubuhi, sasa hakufiki nusu saa. Kilichonifanya niandike ni jambo dogo: wiki iliyopita nilimkuta mwanangu wa miaka 9 ananusa vidole vyake kabla ya kula, kimoja baada ya kingine.

Ninaomba kujua mambo mawili. Je, ninapomjibu ninamsaidia au ninamharibu? Na mtoto humkatalia vipi mzazi wake jambo bila kukosa adabu, hasa mzazi asiyekubali kwamba anaumwa?

Mzee wa Kitangiri

Binti, marahaba. Mimi sioni ugonjwa hapa. Kina mama wa umri huo walilelewa kwa ukali wa usafi, na ziwa letu kweli lina kichocho, hilo halihitaji mjadala. Kama tatizo ni maji, funga koki saa mbili usiku na ufunguo ukae nao wewe. Atakasirika siku mbili tatu, kisha atazoea. Mambo ya kumpeleka mzazi kwa madaktari wa akili yataleta maneno mtaani ambayo hamtaweza kuyafuta.

Muuguzi wa Igoma

Mdogo wangu, pole sana. Nimefanya kazi katika wodi na kliniki za afya ya akili kwa miaka mingi, na ulichokieleza ninakifahamu, ingawa kumpima mama ni kazi ya daktari atakayekaa naye uso kwa uso. Naomba nianze na mzee wetu wa Kitangiri, kwa sababu hoja yake ndiyo inayochelewesha wagonjwa wengi, na nusu yake ni kweli.

Kichocho kipo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama, aliyeoga au anayefua ziwani. Lakini haviambukizwi kwa kushikana mikono, havikai kwenye pochi, wala haviliwi ndani ya dagaa aliyekauka juani. Maji yaliyotulia ndani ya pipa kwa siku mbili huwa hayana tena vijidudu hai vya kichocho. Ugonjwa wa akili ninaoushuku kwa mama, uitwao kwa kifupi OCD (kwa Kiingereza obsessive-compulsive disorder), mara nyingi haubuni hofu kutoka hewani, bali huchukua hofu ambayo kila mtu wa pwani hii anayo kwa kiasi, ukaiondolea kikomo. Ndiyo maana familia haigundui mapema: kila swali la mgonjwa, likisimama peke yake, lina mantiki. Kipimo ni kama jambo lina mwisho. Mtu msafi akinawa sekunde ishirini kwa sabuni anaona amemaliza. Mgonjwa hawezi kuona kuwa amemaliza, na kama mawazo na matendo hayo yanamla zaidi ya saa moja kwa siku na kumvurugia maisha, wataalamu hawayaiti tena tabia. OCD ndiyo hiyo: mawazo sumbufu yanayojirudia bila kuitwa, na matendo anayolazimika kuyarudia ili hofu ishuke. Si wa watu wachache. Hukadiriwa kuwapata kati ya mtu mmoja na watatu katika kila mia, wakati fulani wa maisha yao.

Sasa swali lako la kwanza. Wazo linapokuja, hofu hupanda. Mama ananawa, au anakuuliza nawe unamjibu, na hofu inashuka. Kushuka huko ndiko kunakoifundisha akili kwamba kweli palikuwa na hatari, na kwamba aliyemwokoa ni sabuni au jibu lako. Kesho akili itadai jibu mapema zaidi na kwa sauti kubwa zaidi. Wewe mwenyewe umeandika kuwa utulivu uliodumu hadi asubuhi sasa haufiki nusu saa. Jibu lako limekuwa mojawapo ya matendo ya ugonjwa, isipokuwa linatendwa kwa kinywa chako. Hujakosea kwa kupenda. Karibu kila familia niliyoiona ilifanya hivyo hivyo, na zilizokuwa na upole zaidi ndizo zilizofika mbali zaidi katika kuutumikia ugonjwa.

Hata hivyo, tafadhali usifunge koki. Tiba ya mazungumzo inayosaidia zaidi ugonjwa huu ni ile ya kumkaribisha mgonjwa kwa hatua kwenye kitu anachokiogopa, huku akijizuia kufanya lile tendo la kujituliza, mpaka hofu ishuke yenyewe na akili ijionee kuwa hakuna kilichotokea. Chanzo chake hutajwa kuwa kazi ya mwanasaikolojia Victor Meyer, ambaye mwaka 1966, akifanya kazi London, alichapisha taarifa ya wagonjwa wawili wa namna hii. Kwa mmoja wao walifikia hata kuzima maji ya chumbani kwake. Nadhani mzee wetu angefurahi kulisikia hilo, lakini asisahau kuwa mgonjwa alikuwa wodini, na wauguzi walikaa naye muda wote. Leo kazi hiyo hufanywa kwa ngazi, na mgonjwa ndiye anayekubali kila daraja kabla ya kulipanda. Kumfungia mtu koki gizani bila kumwambia ni kumwongezea hofu, na mama yako atatafuta maji penginepo, hata ziwani kwenyewe.

Kwa nyumbani, ningekushauri uanze na watoto, kwa sababu wao hawapaswi kuwa katika utumishi huu hata siku moja zaidi. Mweleze mama, siku aliyotulia na si katikati ya maswali, kwamba wajukuu watanawa kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, na kwamba hawatajibu maswali ya unawaji tena. Mwambie kabla ya kuanza, na mwambie tarehe. Likishakaa sawa, ndipo ulifikie jibu lako mwenyewe. Akuulize, umjibu mara moja, akirudia, umwambie kwa sauti ile ile, "Mama, hilo nimekwisha kulijibu. Najua linakuumiza, na niko hapa na wewe." Kisha kaeni, zungumzeni mengine, msaidie kuchambua mchele. Unachokikataa ni swali. Mama mwenyewe usimwache peke yake. Jiandae kwamba siku za mwanzo atauliza zaidi na kwa hasira zaidi, na ukishindwa siku ya nne ukajibu mara ishirini, utakuwa umemfundisha kwamba ishirini ndiyo idadi inayotakiwa. Kwa hiyo chukua hatua ndogo unayoweza kuitunza kuliko kubwa utakayoivunja.

Kuhusu adabu, mila zetu zina njia. Maneno ambayo mtoto hawezi kumwambia mzazi, ndugu wa mzazi anaweza. Kama yuko kaka yake mama au dada yake anayemsikiliza, mjomba huyo au mama mkubwa akae naye kwanza.

Kuhusu hospitali, mikono ile iliyopasuka ni sababu halali ya kwenda na haina uongo wowote. Wagonjwa wengi wa namna hii hufika kwanza kwa daktari wa ngozi. Anza kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, mweleze mhudumu mambo haya yote kama ulivyotueleza sisi, na uombe rufaa ya Bugando, ambako wako madaktari wa magonjwa ya akili. Dawa zipo. Hutumika zile za kundi la dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kama fluoksetini na sertralini, na ya zamani zaidi iitwayo klomipramini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya ugonjwa huu. Kwa OCD dozi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya sonona, na huchukua wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuhukumiwa kama imefaa, kwa hiyo msiiache wiki ya tatu mkisema haifanyi kazi, wala msiikatishe ghafla. Kama mama anatumia dawa ya presha au ana tatizo la moyo, mtaje mapema. Na kama ameanza kusahau mambo, au amesema amechoka kuishi, usisubiri miadi. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Baba Mapacha

Ninaunga mkono alichosema dada muuguzi kuhusu dawa, kwa sababu mimi na mke wangu tuliishi nayo. Yeye hakuwa mtu wa kunawa. Baada ya kujifungua alianza kuona katika mawazo kwamba anawadondosha watoto ndani ya pipa la maji, na kwa hofu ya mawazo hayo alikataa kuwaogesha, akaficha visu, akaniamsha kila usiku nihakikishe kwamba wanapumua. Nilihakikisha. Miezi saba niliamka nikahakikisha, nikidhani huo ndio upendo wa mume. Ndugu zangu walisema ana jini, tukaenda kwa mganga, tukatoa mbuzi wawili, na siku tuliyorudi hali ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu sasa aliamini kuwa kweli ndani yake kuna kitu kinachotaka kuua.

Daktari aliyetusaidia alimwambia sentensi ambayo sitaisahau: kwamba anateseka na wazo hilo kwa sababu ni kinyume kabisa cha anachokitaka. Alilia saa nzima. Dawa ilianza kuonekana wiki ya tisa, nami wiki ya sita nilikuwa karibu kuitupa. Leo mapacha wana miaka sita, na anawafundisha kuogelea, jambo ambalo mimi mwenyewe siliwezi.

Ustadh wa Mabatini

Assalamu alaykum. Nitazungumzia udhu peke yake, kwa kuwa ndilo nililosomea.

Tatizo la mama huyu wanazuoni wamelijua kwa karne nyingi kwa jina la waswasi, na hawakulihesabu kuwa ni uchamungu. Kanuni yao ni kwamba yakini haiondolewi na shaka: aliyetawadha ana udhu mpaka awe na yakini kwamba umetenguka, wala kuhisi tu hakutoshi. Kuosha kiungo mara moja ni faradhi, mara tatu ni sunna, na kuzidisha juu ya tatu ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, yaani kibaba kimoja, na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Yeyote aliyewahi kupima zaka ya Fitri anakijua kibaba. Ni maji yasiyojaza hata chupa ya lita moja.

Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki Makka katika karne ya 16, aliulizwa kama waswasi una dawa. Alijibu kwamba dawa yake ni kuupuuza kabisa, hata nafsi isitesite namna gani, na kwamba anayeusikiliza huzidi kuvutwa nao. Nimeshangaa kuona dada muuguzi anasema jambo lile lile kwa lugha ya hospitali.

Lakini nikiri kosa langu. Miaka michache iliyopita mama mmoja alikuwa akinipigia simu karibu kila siku kuuliza kama udhu wake ni sahihi, nami nilimjibu kila siku, kwa aya na hadithi, nikiamini ninaelimisha. Sasa naelewa nilikuwa dumu lake la kumi na tano. Kwa hiyo mama akitaka fatwa, mletee ya mtu anayemwamini, aisikie mara moja, iandikwe kama anataka, na akiuliza mara ya pili aambiwe kwamba jibu analo.

Kijana wa Nansio

Mimi ndiye mgonjwa katika nyumba yetu, Ukerewe, tangu nikiwa kidato cha pili. Shida yangu ilikuwa milango na noti za fedha. Nimesoma ushauri wote na nauheshimu, ila kwa heshima zote kwa dada muuguzi, nina neno moja la tofauti: tafadhali usiite kikao cha ukoo. Kwetu waliitwa wajomba wawili na baba mdogo, wakaketi sebuleni, kila mmoja akanieleza kwa hekima kwamba mlango ukifungwa umefungwa. Nilijua hilo kabla hawajapanda kivuko. Kinachotesa ni kwamba unajua, na mkono unarudi kwenye kitasa hata hivyo. Kikao kilinipa aibu, na aibu ilinifanya nianze kukagua mlango usiku watu wakiwa wamelala. Kama lazima awepo mtu mwingine, awe mmoja, na awe yule ambaye mama akiwa naye hucheka.

Jambo la pili ni sauti. Dada yangu aliponinyima jibu kwa hasira niliweza kumchokoza mpaka ajibu, kwa sababu hasira nayo ni aina ya jibu. Aliponiambia kwa utulivu, "Huo ni ugonjwa unauliza, mimi nataka kuzungumza na wewe," sikuwa na la kufanya zaidi ya kukaa na hofu yangu. Ilikuwa kama kukaa juu ya jiwe la moto. Mara ya kwanza ilichukua karibu dakika hamsini kupoa. Baada ya wiki mbili zilikuwa kumi na tano.

Na mtoto yule anayenusa vidole, msimcheke na msimkaripie. Mwambieni ukweli kwa lugha ya umri wake, kwamba bibi anaumwa ugonjwa wa hofu, na kwamba yeye hana kazi ya kumponya.

Mzee wa Kitangiri

Nimesoma yote hadi mwisho. La koki nalifuta. La maneno ya mtaani silifuti, kwa kuwa naujua mtaa wetu, lakini naona mikono inayotoa damu ni neno kubwa kuliko la jirani.

Binti wa Mwaloni

Nawashukuru nyote, na nisameheni kwa kukaa kimya wiki saba. Nilitaka kurudi nikiwa na la kusema.

Sikuita kikao. Nilimwomba mama mdogo aje kutoka Sengerema, kwa sababu yeye na mama hucheka pamoja tangu utotoni, na ndiye aliyemwambia kwamba mikono ile itaoza asipomwona daktari. Mama alikubali kwenda kwa ajili ya mikono. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi na kumpa muuguzi kabla hatujaingia. Daktari alimuuliza taratibu, bila kumshangaa, kama huwa ananawa akiwa anajua kuwa mikono ni safi. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kila siku." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani anaamini. Tulipewa mafuta ya ngozi na rufaa, na sasa ni wiki ya tano ya dawa. Mabadiliko ya dawa siyaoni bado, ila nakumbuka ya Baba Mapacha na wiki yake ya sita.

Watoto wametolewa kabisa katika maswali. Hilo lilikuwa rahisi kuliko nilivyohofia, kwa sababu nilipomweleza kuhusu mdogo na vidole vyake, mama mwenyewe alisema asiwe kama yeye. La kwangu ndilo lilikuwa gumu. Siku ya pili ya kukataa kurudia jibu aliniita mtoto asiye na adabu, akasema baba angekuwa hai nisingethubutu, na hakula chakula changu cha usiku. Nilikaa kizingitini nikamwambia kwamba bado nipo. Niliweza kwa sababu tu ya sentensi ya Kijana wa Nansio. Bila hiyo ningejibu, na pengine ningeapa. Siku ya tisa nilichoka na nikajibu mara sita mfululizo, na ni kweli, siku ya kumi ilikuwa mbaya.

Fatwa aliileta imamu wa msikiti wetu, kwa mdomo, mara moja. Mama alitafuta kibaba cha zamani cha kupimia nafaka, akakiosha (mara nyingi mno, sitaki kudanganya), na tangu wiki iliyopita anatawadha kwa maji ya humo. Siku tatu kati ya saba aliswali Alasiri ndani ya wakati. Siku nyingine nne kibaba kilijazwa tena na tena, na yeye mwenyewe ananihesabia: jana vitano, juzi vinane. Madumu siku ya mgao yameshuka hadi tisa.

Dagaa bado hawajaingia ndani. Daktari amesema hicho kitakuwa daraja la juu la ngazi, na tumeanza kwa mama kukaa uani, hatua kumi kutoka kwenye gunia lililofungwa, kwa muda wa kipindi cha taarifa ya habari. Jumamosi aliomba tulisogeze hatua moja karibu zaidi, kisha akabadili mawazo, kisha akaomba tena.

Kijana wa Nansio, nina swali kwako. Mama ameanza kutaka noti ninazotoka nazo sokoni zianikwe kwenye kamba kabla hajazishika, jambo ambalo hakuwahi kulitaka. Uliandika kwamba nawe ulikuwa na shida ya noti. Je, nilikatae tangu sasa likiwa changa, au nilisubiri zamu yake kwenye ngazi?